Je, uchumi hukua haraka zaidi pale wananchi wanaponyamazishwa?

Mwanagenzi (mleta mada)

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Naomba tujadili kwa utulivu hoja ambayo nimeisikia mara nyingi, na ambayo kila ninapojaribu kuipinga najikuta nina nusu tu ya jibu. Hoja yenyewe ni kwamba nchi maskini haiwezi kumudu demokrasia. Kwamba kwanza zijengwe barabara, viwanda na mitambo ya umeme chini ya mkono mmoja wenye nguvu, kisha uhuru wa kusema, wa kuandamana na wa kuchagua viongozi uje baadaye, watu wakishashiba. Wanaoitetea hawakosi mifano. Korea Kusini ilikuwa nchi maskini sana Park Chung-hee alipotwaa madaraka kwa mapinduzi ya kijeshi mwaka 1961, na alipouawa mwaka 1979 ilikuwa tayari inauza meli na chuma katika masoko ya dunia. Singapore ya Lee Kuan Yew, Taiwan iliyoishi chini ya sheria ya kijeshi tangu 1949 hadi 1987, na China tangu mageuzi ya 1978, zote hutajwa kwa mkupuo mmoja.

Nina maswali mawili. Kwanza, je, ukandamizaji wenyewe ndio ulioleta ukuaji huo, au ulikuwapo tu wakati ukuaji ukiletwa na mambo mengine? Pili, hata kama ulisaidia, ni nani mwenye haki ya kuamua kwamba kizazi kimoja kinyamaze ili kijacho kineemeke? Naomba hoja zenye ushahidi. Kwangu hili si zoezi la darasani, kwa sababu hoja hiyo hutumika kuhalalisha kufungwa kwa watu ambao hawakufanya kosa lolote zaidi ya kuuliza.

Kalamu Nzito

Mleta mada, nitaisimamia hoja unayoipinga, kwa sababu naamini ina uzito kuliko wapinzani wake wanavyopenda kukubali.

Kuijenga nchi maskini kiviwanda kunadai mambo ambayo wapiga kura hawayapendi: kuweka akiba badala ya kutumia, kusubiri faida kwa miaka mingi, na kuwanyima upendeleo matajiri waliozoea kuupata. Tazama jinsi Korea Kusini ilivyofanya. Serikali ya Park iliunda Bodi ya Mipango ya Uchumi mwaka 1961, ikazitia benki mikononi mwake, ikaanza mpango wa kwanza wa miaka mitano mwaka 1962, kisha ikaziambia kampuni kwamba mkopo wa riba nafuu utamfuata anayeuza bidhaa nje na utamkimbia anayeshindwa. Mauzo ya nje yalifikia dola milioni 100 mwaka 1964. Mwaka 1977 yalifikia dola bilioni 10. Je, bunge lililojaa wabunge waliogharamiwa kampeni na wenye viwanda wale wale lingethubutu kumnyima mkopo aliyezembea? Katika demokrasia nyingi changa mwenye fedha ndiye mwenye bunge, na ruzuku aliyopewa leo haiondolewi hata ikithibitika kwamba haina tija.

Kuhusu China, Benki ya Dunia inakadiria kwamba watu karibu milioni 800 wametoka katika umaskini uliokithiri katika miongo minne tangu mageuzi yaanze. Hilo ni tukio kubwa katika historia ya binadamu, na halikufanyika kwa kura. Sisemi kwamba jela ni jambo jema. Nasema kwamba njaa nayo humnyima mtu uhuru wake, na anayelazimika kuchagua kati ya dola lenye uwezo lakini kali, na dola legevu lenye uchaguzi kila baada ya miaka mitano, hachagui kati ya jema na baya.

Mzani wa Hoja

Ndugu Kalamu Nzito ameeleza vizuri jinsi mipango ya Korea Kusini ilivyofanya kazi, nami sina ugomvi na maelezo hayo. Ugomvi wangu ni na namna mifano inavyochaguliwa.

Park alitawala kwa polisi wa siri, magazeti yaliyodhibitiwa, wapinzani waliofungwa na vyama vya wafanyakazi vilivyovunjwa. Mobutu naye alitawala Zaire kwa vyombo hivyo hivyo tangu 1965 hadi 1997, na akaiacha nchi yenye shaba, almasi na mito mikubwa ikiwa haina barabara. Ferdinand Marcos alitangaza sheria ya kijeshi Ufilipino mwezi Septemba 1972 akiahidi jamii mpya yenye nidhamu. Alipokimbia mwaka 1986 aliacha deni kubwa na uchumi uliokuwa umesinyaa vibaya katika miaka miwili ya 1984 na 1985. Kama jela na udhibiti wa magazeti vilikuwapo kwa Park, kwa Mobutu na kwa Marcos, basi haviwezi kuwa ndivyo vinavyoeleza kwa nini mmoja alifanikiwa na wengine wawili wakaangamiza. Tofauti lazima itafutwe kwingine.

Na kwingine huko kunajulikana. Korea Kusini iligawa ardhi ya mabwanyenye kwa wakulima kufikia mwaka 1950, miaka kumi na moja kabla ya Park, na shule za msingi zilienea haraka katika miaka ya 1950. Ilipata msaada mkubwa wa Marekani, soko la Marekani, na baada ya mwaka 1965 fedha na teknolojia kutoka Japani. Ilikuwa na watumishi wa umma waliopatikana kwa mitihani. Park aliyatumia hayo kwa ustadi, na ni haki kumpa sifa hiyo, lakini ustadi wa kupanga mikopo si kitu kimoja na ustadi wa kuwatesa wanafunzi.

Wanauchumi Benjamin Jones na Benjamin Olken walichunguza mwaka 2005 nchi ambazo viongozi wake walifariki wakiwa madarakani, iwe kwa maradhi au kwa ajali. Waligundua kwamba kifo cha mtawala wa kiimla hubadili mwendo wa uchumi kwa kiasi kikubwa, ama kwa heri ama kwa shari, ilhali katika demokrasia athari hiyo haionekani wazi. Maana yake ni kwamba anayeukubali utawala wa mtu mmoja anacheza kamari, na kamari hiyo haina njia ya kujitoa: ukimpata Mobutu ukidhani umempata Park, huna sanduku la kura la kurekebishia.

Tena si kweli kwamba hakuna demokrasia maskini iliyokua. Botswana imefanya uchaguzi wa vyama vingi tangu uhuru mwaka 1966, na kwa miongo kadhaa uchumi wake ulikuwa miongoni mwa zilizokua haraka kuliko zote duniani. Ni kweli ilikuwa na almasi, ila nchi nyingine zilikuwa nazo pia na zikaishia vitani. Mauritius ilikuwa kisiwa cha miwa wakati wa uhuru mwaka 1968. Ilijenga viwanda vya nguo, utalii na huduma za fedha huku serikali zikibadilishwa kwa kura mwaka 1982 na mara kadhaa baadaye. Na utafiti wa Daron Acemoglu na wenzake, uliotoka mwaka 2019, ulikadiria kwamba nchi inayoingia katika demokrasia huwa na pato la kila mtu lililo juu kwa takriban 20% baada ya miaka 25, kuliko ambavyo lingekuwa isingebadilika.

Binti Mshonaji

Mimi naomba turudi Korea Kusini, kwa sababu tunaizungumzia kana kwamba viwanda vilijiendesha vyenyewe.

Mauzo ya nje ya miaka ya 1960 yalikuwa kwa sehemu kubwa nguo, wigi na plaiwudi, na waliofanya kazi hiyo walikuwa wengi wao wasichana waliotoka vijijini. Katika soko la Pyeonghwa mjini Seoul walishona katika vyumba vya dari fupi, vilivyojaa vumbi la vitambaa, kwa saa ambazo hakuna sheria iliyoziruhusu. Nasema hakuna sheria iliyoziruhusu kwa makusudi: Korea Kusini ilikuwa na Sheria ya Viwango vya Kazi tangu 1953, iliyoweka ukomo wa saa na siku ya mapumziko. Kijana mmoja, Jeon Tae-il, aliyekuwa mkataji wa nguo sokoni hapo, aliisoma sheria hiyo, akakusanya maelezo ya wafanyakazi wenzake, akapeleka malalamiko kwa maofisa wa kazi, akapuuzwa. Tarehe 13 Novemba 1970 alijimwagia mafuta na kujichoma moto mbele ya soko, akidai sheria ifuatwe. Alikuwa na miaka 22. Hakudai mapinduzi wala hakudai utajiri ugawanywe. Alidai serikali itii sheria ambayo tayari ilikuwa imeandikwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba demokrasia ni anasa ya walioshiba. Sheria nzuri ilikuwapo. Kilichokosekana ni mwandishi wa habari wa kuliandika jambo hilo bila hofu, chama cha wafanyakazi cha kulifikisha mahakamani na mbunge wa kumwuliza waziri. Bila hao, sheria ilibaki karatasi, na gharama ya ukuaji ikawaangukia wale ambao hawakuwa na namna ya kukataa.

Mwisho wa utawala wa Park nao una mafunzo. Mwezi Agosti 1979 wafanyakazi wa kike wa kiwanda cha wigi cha YH, kilichokuwa kimefungwa ghafla, walikimbilia makao makuu ya chama cha upinzani. Polisi walivamia jengo na mfanyakazi mmoja akafa. Kiongozi wa chama hicho, Kim Young-sam, alifukuzwa bungeni mwezi Oktoba, ghasia zikazuka Busan na Masan, na tarehe 26 ya mwezi huo Park alipigwa risasi na mkuu wake mwenyewe wa usalama. Uchumi ulikuwa umekua kwa karibu miaka kumi na minane mfululizo, na bado mfumo haukuwa na njia nyingine ya kumaliza mgogoro ulioanzia katika kiwanda cha wigi. Mei 1980, jeshi liliua wananchi wa Gwangju waliokataa utawala mwingine wa kijeshi. Uchaguzi wa moja kwa moja wa rais ulirudi mwaka 1987 baada ya maandamano makubwa ya mwezi Juni. Mishahara ikapanda, vyama vya wafanyakazi vikaongezeka kwa kasi, na uchumi haukuporomoka. Korea Kusini ilivuka pato la dola 30,000 kwa kila mtu ikiwa tayari na miaka thelathini ya demokrasia.

Mpenda Takwimu

Nitaongeza jambo moja ambalo halijaguswa. Tunazungumza kuhusu viwango vya ukuaji kana kwamba vinapimwa na mtu asiye na hofu.

Mwanauchumi Luis Martínez alilinganisha takwimu rasmi za pato la taifa na mwanga wa usiku unaoonekana kwa setilaiti, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022. Alikadiria kwamba tawala za kiimla hukuza viwango vyao vya ukuaji wa mwaka kwa takriban 35%. Sehemu ya muujiza, basi, imo katika karatasi tu. Na karatasi hizo zinaweza kuua. Katika China ya Mruko Mkubwa Mbele, kampeni ya Mao Zedong ya kuharakisha kilimo na viwanda iliyoanza mwaka 1958, viongozi wa vijiji na wilaya walishindana kuripoti mavuno makubwa kuliko yaliyokuwapo. Serikali ikachukua nafaka kwa kufuata takwimu hizo, na mamilioni ya watu, kwa makadirio mengi makumi ya mamilioni, wakafa kwa njaa. Peng Dehuai, waziri wa ulinzi, alipoonya mwaka 1959, alivuliwa wadhifa. Mwanauchumi Amartya Sen amesema kwa muda mrefu kwamba njaa kubwa ya namna hiyo haijatokea katika demokrasia inayofanya kazi, yenye magazeti huru, na sababu anayoitoa ni rahisi: serikali inayoweza kuulizwa hupata habari mapema na huwa na sababu ya kuzifanyia kazi.

Ndiyo maana huwa nashtuka nchi yoyote inapotunga sheria ya kumwadhibu anayehoji takwimu za serikali. Tanzania ilifanya marekebisho ya namna hiyo katika Sheria ya Takwimu mwaka 2018, kisha ikayalegeza mwaka uliofuata, na ilikuwa haki kuyalegeza.

Kalamu Nzito

Nimesoma kwa makini, na sitapuuza alichoandika Binti Mshonaji. Lakini Mpenda Takwimu amemnukuu Sen nusu. Sen huyo huyo, akiandika pamoja na Jean Drèze, alionyesha kwamba India ya kidemokrasia, ingawa iliepuka njaa kubwa, ilivumilia utapiamlo wa kila siku na vifo vya mapema kiasi kwamba, kwa hesabu yao, katika kila miaka minane hivi ilipoteza watu zaidi ya ambao China iliwapoteza katika njaa ile. Vifo hivyo havikuangusha serikali yoyote, kwa sababu havina siku moja ya kuandikwa gazetini. Wanaoitetea demokrasia wanapaswa kulijibu hilo.

Mzani wa Hoja

Ni hoja nzito na haipaswi kupitwa. Sehemu ya jibu imo ndani ya India hiyo hiyo. Jimbo la Kerala, chini ya katiba moja na majimbo mengine na bila ya kuwa tajiri, lilipunguza vifo vya watoto na kueneza kusoma na kuandika kwa kiwango kilicholitenga kabisa na majimbo ya kaskazini, kwa sababu huko elimu na zahanati vilikuwa mambo ya kugombaniwa katika kila uchaguzi, na wananchi waliandamana zahanati ilipokosa daktari. Uchaguzi peke yake hauleti dawa. Unaleta nafasi ya kuzidai, na nafasi hiyo inaweza kuachwa bila kutumiwa.

Msafiri wa Pembe

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wengi hapa ni Ethiopia. Meles Zenawi, waziri mkuu wake wa zamani, alikuwa mtetezi wa wazi wa dola lenye kusukuma maendeleo, na hakuficha kwamba Asia ya Mashariki ilikuwa kielelezo chake. Baada ya uchaguzi wenye utata wa 2005, nafasi ya upinzani ilibanwa. Sheria ya kupambana na ugaidi ya 2009 ilitumika dhidi ya waandishi wa habari, na sheria nyingine ya mwaka huo huo ikayabana mashirika ya kiraia. Uchumi, kwa takwimu rasmi, ulikua kwa karibu 10% kwa mwaka kwa zaidi ya muongo mmoja. Barabara zilijengwa, shule ziliongezeka, vifo vya watoto vilipungua, bwawa kubwa la Nile lilianza kujengwa mwaka 2011, na reli ya Addis Ababa hadi Djibouti ilizinduliwa mwaka 2016. Hayo ni mafanikio halisi na asiyeyakiri haitendei haki nchi hiyo.

Katika uchaguzi wa Mei 2015 chama tawala na washirika wake walitwaa viti vyote 547. Miezi sita baadaye, mwezi Novemba, maandamano yalienea Oromia kupinga mpango wa kuupanua mji mkuu kuelekea mashamba ya wakulima. Nadhani hapa ndipo kiini cha mada kilipo. Mkulima ambaye ardhi yake ni mali ya dola, na ambaye bungeni hakuna hata mbunge mmoja wa upinzani wa kumsemea, alikuwa na njia moja tu ya kuijulisha serikali kwamba mpango wake unamwangamiza, nayo ilikuwa barabara. Serikali iliufuta mpango huo Januari 2016, lakini malalamiko yalikuwa yamekwisha kuwa makubwa kuliko mpango wenyewe. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 2016, na Februari 2018 waziri mkuu Hailemariam Desalegn akajiuzulu. Vita vya Tigray vilivyoanza Novemba 2020 vilikuwa na sababu zake nyingi, ila mfumo uliozoea kumaliza tofauti kwa amri haukuwa na mazoea ya kuzimaliza kwa mazungumzo, na mengi yaliyojengwa kwa miaka ishirini yalibomolewa kwa miaka miwili.

Mwanagenzi (mleta mada)

Nawashukuru nyote. Kuhusu swali la kwanza, nimeridhika kwamba uwezo wa dola na ukandamizaji wa dola ni mambo mawili. La pili, la nani aliridhia, halijajibiwa moja kwa moja, kwa hiyo nimetafuta nyakati ambapo wananchi waliokuwa wakiishi ndani ya ukuaji huo waliulizwa.

Nimepata mbili. Mwaka 1971, uchumi ukikua kwa kasi, Wakorea walipiga kura ya rais, na licha ya Park kuwa na dola zima upande wake, mpinzani wake Kim Dae-jung alipata takriban 45% ya kura. Mwaka uliofuata Park alileta katiba ya Yushin iliyowaondolea wananchi haki ya kumchagua rais moja kwa moja. Huko Chile, utawala wa Augusto Pinochet, uliopitia anguko kubwa la uchumi mwaka 1982, ulikuwa umerudi katika ukuaji imara ulipoitisha kura ya maoni ya Oktoba 1988; karibu 56% walikataa aendelee. Serikali za kidemokrasia zilizofuata ziliendeleza ukuaji, na kiwango rasmi cha umaskini kilishuka kutoka karibu 39% mwaka 1990 hadi karibu 20% mwaka 2000. Kwa hiyo si kweli kwamba watu walikubali kunyamaza. Walipoulizwa, wengi mno walikataa, na kule Korea Kusini swali lenyewe likaondolewa. Ndugu Kalamu Nzito, unayo nchi ambako walioombwa kusubiri waliulizwa kwa uhuru na wakakubali?

Kalamu Nzito

Jibu langu la karibu zaidi ni Singapore, ambako uchaguzi haukukoma na kura zilihesabiwa, na chama cha Lee Kuan Yew kilishinda kila mara kwa sababu watu waliona nyumba, shule na ajira. Lakini umesema “kwa uhuru”, na neno hilo linanibana. Chia Thye Poh, aliyewahi kuwa mbunge wa upinzani, alikamatwa mwaka 1966; alizuiliwa bila kufikishwa mahakamani hadi 1989, na vikwazo vya mwisho dhidi yake viliondolewa mwaka 1998, wakati nchi ilikuwa tajiri tayari kwa miaka mingi. Nimejaribu kutafuta ni nyumba ipi au kiwanda kipi kilichojengwa kwa sababu mtu huyo alikuwa ndani, na sikuipata. Nitaendelea kuitetea Bodi ya Mipango, mikopo yenye masharti na watumishi wa umma wenye sifa. Kifungo chake sikitetei.